Sura ya Tano: Upepo Huleta, Mto Hurudisha

Basi la Arusha kwenda Tanga likishapita Mwanga, kabla halijafika Hedaru, kuna swali ambalo halikosi mwulizaji. Jua limepanda, mapazia yamevutwa, vumbi linaingia kwenye kila upenyo. Mtoto anavuta kitenge cha mama yake. "Mama, mbona huku kumekauka? Si tulikuwa kwenye migomba sasa hivi?"

Mama anatazama nje. Kulia kwake ni tambarare ya miiba na udongo mwekundu mpaka upeo wa macho. Kushoto ni safu ya milima, na juu yake wingu zito limekaa kama kilemba. Wingu analiona, mvua haioni. Anajibu kama wanavyojibu wengi wetu: "Ndivyo Mungu alivyopapanga, mwanangu."

Jibu hilo nalipokea. Ninachotaka kufanya katika sura hii ni kuusoma mpango wenyewe, kwa sababu unasomeka. Safari hii ya siku moja inapita kwenye nchi tatu zisizofanana: nchi ya milima yenye maziwa, nchi ya nyika kavu, na nchi ya pwani. Anayezipita kwa haraka huziona kama nchi tatu zilizowekwa jirani kwa bahati tu. Mimi nimezipita mara nyingi, kwa basi, kwa pikipiki na kwa miguu, na kila safari imenisadikisha zaidi kwamba ni kitu kimoja. Kinachoziunganisha ni maji: upepo huyaleta kutoka baharini, na mto huyarudisha.

Dodoki la angani

Tuanze na hilo wingu lililokaa kama kilemba.

Hewa hubeba maji ambayo macho hayayaoni. Tunayaita mvuke. Hewa yenye joto hubeba mvuke mwingi, hewa baridi hubeba kidogo. Umeshuhudia jambo hili kila mara unaponunua soda ya baridi: chupa hutoka jasho. Jasho hilo halikupenya kwenye kioo. Ni mvuke wa hewa iliyoizunguka chupa, ambao ulipopoa ukageuka kuwa matone.

Mlima hufanya kazi ya ile chupa. Upepo ukitoka Bahari ya Hindi hufika pwani ukiwa na joto na umejaa mvuke. Unakwenda bara mpaka unakutana na ukuta: Usambara, kisha Upare, na mbele zaidi Kilimanjaro na Meru. Kwa kuwa hauwezi kupenya, unapanda. Na kila unapopanda mita 1,000, joto hupungua kwa kadiri ya nyuzi 6. Hewa inapoa, mvuke unageuka matone, matone yanakuwa wingu, wingu linakuwa mvua. Ni kama kubeba dodoki lililolowa kisha mtu akalikamua: maji yote humwagikia upande ule lilipokamuliwa.

Upepo huo ukivuka kilele, dodoki limeshakamuliwa. Tena hewa inaposhuka upande wa pili hupata joto upya, na hewa yenye joto ina kiu. Badala ya kutoa maji, inayanyonya kutoka kwenye udongo na majani, kama upepo wa mchana unavyokausha kanga kwenye kamba. Upande huo mkavu wa mlima una jina zuri: kivuli cha mvua. Kama mti unavyokinga jua ukaacha kivuli nyuma yake, ndivyo mlima unavyoikinga mvua.

Sasa rudi kwenye kiti chako ndani ya basi. Barabara inapita mguuni mwa Milima ya Pare, upande wa magharibi, na upepo unatoka mashariki. Umekaa ndani ya kivuli.

Tofauti hiyo inapimika. Milimita moja ya mvua ni lita moja ya maji kwa kila mita moja ya mraba, yaani eneo la mkeka mdogo wa kukalia. Msitu wa upande wa kusini wa Kilimanjaro hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Ukitumia ndoo ya lita 20, ni zaidi ya ndoo 100 zilizomwagwa juu ya mkeka ule. Same hupata kama milimita 550, ndoo zisizofika 30. Mahali hapa pawili unaweza kupafikia kwa gari katika asubuhi moja.

*Kwa ufupi:*

- Upepo wa baharini hubeba mvuke.
- Mlima huupandisha, hewa inapoa, mvua inanyesha upande unaotazama upepo.
- Upande wa pili hubaki na hewa kavu yenye joto: kivuli cha mvua.

Kwa nini ziwa moja ni chungu na jingine ni tamu?

Mvua iliyokamuliwa mlimani haiteremki yote kwa mito. Sehemu kubwa hunywewa na ardhi. Kilimanjaro na Meru ni milima ya volkano, iliyojengwa kwa miamba iliyoyeyuka na majivu yaliyotoka chini ya ardhi. Miamba ya namna hiyo ina nyufa na vitundu vingi, na maji huzama humo yakatembea gizani kwa muda mrefu kabla ya kuibuka tena. Maziwa ya nchi hii ni madirisha ya kuyachungulia maji hayo.

Anzia Momella, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha, mashariki ya Mlima Meru. Maelfu ya miaka iliyopita ubavu wa mashariki wa Meru uliporomoka. Mawe, tope na majivu vilimwagika vikatandaa bondeni, na katika mabonde madogo yaliyobaki ndimo maji yalimokusanyika. Ndiyo maana maziwa ya Momella ni mengi, madogo na yamekaribiana. Ukisimama juu ya kilima unaona kwamba hata rangi hayafanani: moja la kijani, jingine la samawati, kwa kuwa kila moja lina chemchemi zake na mimea yake midogo ya majini.

Onja maji yake kwa ncha ya kidole: ni machungu, yana magadi. Sababu yake inajulikana jikoni. Chemsha maji yenye chumvi mpaka yakauke, chumvi itabaki kwenye sufuria, kwa sababu kinachoondoka ni mvuke peke yake. Maziwa ya Momella hupokea maji yenye madini kutoka mlimani, lakini hayana mto wa kuyatoa. Jua hunyanyua maji na kuyaacha madini, mwaka baada ya mwaka. Uchungu huo ndio unaolisha mwani mdogo, na mwani huo ndio unaowaleta heroe, wale ndege wa waridi ambao wengi huwaita flamingo.

Sasa nenda Chala, upande wa Rombo, mpakani mwa Tanzania na Kenya. Ukilikaribia huoni ziwa. Unaona kilima cha vichaka, unapanda, jasho linakutoka, kisha ardhi inaishia ghafla miguuni pako. Chini kabisa, ndani ya shimo la volkano lenye kuta za mwinuko mkali, kuna maji yaliyotulia, ya samawati au ya kijani kulingana na msimu. Mara ya kwanza nilipolifikia nilikaa chini bila kusema neno, na wenzangu nao vilevile.

Hakuna mto mkubwa unaoingia Chala, na hakuna unaotoka. Kwa hesabu ya sufuria lingekuwa chungu kuliko Momella. Lakini maji yake ni matamu, kwa sababu mlango upo, ila haupo juu. Maji ya mvua ya Kilimanjaro huingia kwa chini kupitia kwenye miamba, na hutoka kwa chini vilevile. Ziwa linapumua kupitia sakafu yake, na madini hayapati nafasi ya kurundikana.

Chala limetunza pia kumbukumbu. Kila mwaka, wakati wa baridi na ukavu, upepo wa kusi ukiyakoroga maji, mimea midogo yenye maganda mithili ya kioo hustawi, hufa na kuzama, ikaacha utando mweupe chini ya ziwa. Mvua zikija, utando mweusi hutanda juu yake. Mweupe na mweusi, mweupe na mweusi, kama kurasa za daftari. Mwaka 2016 watafiti walichimba zaidi ya mita 200 za tope hilo, na ndani yake mna kumbukumbu ya kadiri ya miaka 250,000. Kwa kuhesabu na kupima tando hizo wataalamu wanaweza kujua lini nchi hii ilipata masika mazuri na lini ilikauka, muda mrefu kabla ya mtu yeyote kuandika neno.

Ziwa la tatu ni Jipe, nalo liko mpakani, chini ya Milima ya Pare Kaskazini. Hili ni la aina nyingine: pana, la kina kifupi, kingo zake zimezungukwa na matete. Linalishwa na Mto Lumi unaoshuka kutoka Kilimanjaro. Tofauti na Momella na Chala, Jipe lina mlango wa wazi: maji yake hutoka kwa mto uitwao Ruvu. Ushike jina hilo, tutalihitaji.

*Kwa ufupi, ukiliona ziwa lolote jiulize mambo matatu:*

1. Maji yanaingilia wapi: juu kwa mto, au chini kwa miamba?
2. Yanatokea wapi?
3. Kama hayana pa kutokea, madini yanakwenda wapi?

Majibu ya maswali hayo yatakuambia utakuta samaki gani, ndege gani, na kama wenyeji wanaweza kunyweshea ng'ombe.

Nyika si mahali patupu

Neno nyika tumelizoea kwa maana ya pori kavu lisilo na mtu. Wasafiri wengi hulala usingizi sehemu hii ya safari na kuamka Korogwe. Ninawaomba wasilale. Nyika ni mahali ambapo kila kiumbe kimebuni njia yake ya kuishi na maji machache, na njia hizo zinafaa kutazamwa.

Tazama mbuyu. Kwa miezi mingi ya mwaka hauna jani hata moja, kwa kuwa jani ni tundu la kupotezea maji. Shina lake nene limehifadhi maji, nao unasubiri. Tazama miiba ya mgunga na vijani vyake vidogo, vyembamba. Tazama mkonge, uliopangwa kwa mistari kuanzia Same kwenda Korogwe. Mimea mingi hufungua vitundu vya majani yake mchana ili ivute hewa, na hapo hapo jua huiibia maji. Mkonge hufungua vitundu vyake usiku, hewa ikiwa imepoa.

Mkonge wenyewe ni mgeni. Mwaka 1893 mtaalamu wa kilimo Mjerumani, Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, Marekani. Iliyofika Tanga ikiwa hai ni 62 tu. Kutokana na miche hiyo yalizaliwa mashamba yaliyokuja kuifanya Tanganyika iongoze duniani kwa mkonge, na yaliyovuta vibarua kutoka pande nyingi za Afrika Mashariki na Kati. Familia nyingi za Tanga na Korogwe, ukiuliza babu alikotoka, hadithi huanzia kwenye shamba la mkonge.

Wanyama nao wana hesabu zao. Nyuma ya Milima ya Pare kuna Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi. Inasemwa kwamba jina hilo linatokana na maneno ya Kipare yenye maana ya kijiko cha maji: mahali ambapo maji hayajazi zaidi ya kijiko. Humo yumo choroa, swala mwenye pembe ndefu zilizonyooka, anayeweza kukaa muda mrefu bila kunywa akitegemea umaji wa majani. Yumo swala twiga, anayesimama kwa miguu ya nyuma ili afikie majani ya juu ambayo wengine hawayafikii. Faru weusi na mbwa mwitu, wanyama waliokuwa wametoweka au kupungua sana, wamerudishwa na wanatunzwa hapo.

Lakini kilichonifundisha zaidi katika nyika hii ni kazi ya mikono ya watu. Wapare wana ndiva, bwawa dogo la udongo na mawe linalojengwa mlimani chini ya chemchemi. Wachaga wana mifongo, mifereji inayoyachukua maji ya mito ya mlimani na kuyapitisha pembeni mwa vilima mpaka kwenye vihamba, yaani mashamba yanayozunguka nyumba zao. Niliwahi kukaa na mzee mmoja karibu na ndiva, upande wa Makanya. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee," naye akaitikia, "Marahaba, mwanangu," akanisogezea jiwe nikae. Nikamwuliza kwa nini wanafunga maji usiku na kuyafungua asubuhi.

"Chemchemi yetu ni kama ng'ombe mwenye maziwa machache," akasema. "Ukimkamua kila saa hupati hata kikombe. Ukingoja mpaka asubuhi unapata kibuyu."

Maji kidogo yanayotiririka peke yake hunywewa na mchanga kabla hayajalifikia shamba. Yakikusanywa usiku kucha na kuachiwa kwa pamoja, yana nguvu ya kufika mbali. Kisha kuna zamu: nani leo, nani kesho, na nani atapigwa faini asipokuja kuzibua mfereji. Watu hawa waliishi ndani ya kivuli cha mvua, wakajifunza kuivuta mvua ya mlimani mpaka kwenye mahindi yao. Hakuna somo la uchumi lililonikaa moyoni kuliko hilo.

Mto wenye majina mengi

Sasa tuunge vipande. Ruvu, ule uliotoka Ziwa Jipe, unakuja kutoka mashariki. Kutoka magharibi unakuja Kikuletwa, uliokusanya maji ya Meru na ya kusini mwa Kilimanjaro, pamoja na chemchemi kama Chemka, ambako maji safi ya samawati yanabubujika kwenye mizizi ya miti katikati ya ukame. Mito hii miwili inakutana kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu, lililojengwa miaka ya 1960. Kutoka hapo unashuka mto mmoja. Wenyeji wengi wa juu wanauita Ruvu vilevile, nao si ule Ruvu wa karibu na Dar es Salaam. Ramani huuita Pangani.

Mto huu unapita katikati ya nyika ileile uliyoiona kavu dirishani, na mara nyingi hauonekani barabarani. Utautambua kwa mstari wa kijani ulio mbali, upande wa kulia. Karibu na Korogwe unapokea Mto Mkomazi na Mto Luengera, wenye maji ya Upare na Usambara. Kisha ardhi inashuka kwa ghafla, maji yanaporomoka, na hapo yamewekewa mitambo: Hale, yenye uwezo wa megawati 21 tangu mwaka 1964, na mtambo wa Pangani ulio chini zaidi, wa megawati 68. Megawati moja ni nguvu inayotosha kuwasha taa 100,000 za wati 10 kwa wakati mmoja.

Sasa fikiri. Tone moja la mvua lililonyesha kwenye msitu wa Kilimanjaro linaweza kupita kwenye mfongo wa kihamba cha kahawa, likaingia mtoni, likakaa Nyumba ya Mungu ambako wavuvi wanatafuta perege, likazungusha mtambo wa umeme, kisha likafika baharini. Njia nzima ni kama kilomita 500. Watu wote wa njia hiyo wanategemea tone hilohilo, na wengi wao hawajawahi kuonana.

Pwani: maji yanapofika nyumbani

Ukishuka Segera kuelekea Muheza unaisikia pwani kabla hujaiona. Hewa inakuwa nzito na laini. Michungwa, minazi na miembe inasogea barabarani. Hapa hakuna mlima wa kuukinga upepo, kwa hiyo mvua hupatikana zaidi ya mara mbili ya ile ya Same. Kushoto kwako Usambara Mashariki inainuka ikiwa na misitu ya Amani, iliyopokea unyevu wa bahari bila kukatizwa kwa muda mrefu mno, kiasi kwamba imezaa mimea na vyura wasiopatikana popote pengine. Ua dogo la zambarau linalouzwa leo kwenye vyungu madirishani Ulaya lilitoka katika misitu ya Usambara na Tanga, na jina la kitaalamu ambalo lilitumika kwa muda mrefu, Saintpaulia, linatokana na la ofisa Mjerumani wa Tanga aliyelipeleka kwao mwaka 1892.

Mji wa Pangani uko mahali mto unapoingia baharini. Ni mji mkongwe wenye nyumba za mawe na milango ya nakshi, uliokuwa kituo cha misafara ya bara, ya pembe za ndovu na ya watu waliofanywa watumwa. Hapa ndipo mwaka 1888 ulipowaka upinzani dhidi ya kampuni ya Wajerumani, ukiongozwa na Abushiri bin Salim, na hapa ndipo aliponyongwa Desemba 1889. Tembea taratibu katika mitaa hiyo, na ukipata mwenyeji wa kukuongoza, msikilize zaidi ya unavyopiga picha.

Pwani ina saa yake. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, tofauti huwa kubwa zaidi. Wenyeji huita wakati huo bamvua. Kati ya bamvua mbili huja maji mafu, tofauti inapokuwa ndogo. Bila kujua maneno haya huwezi kupanga safari ya kisiwa cha Maziwe, mbele ya Pangani. Zamani kilikuwa kisiwa chenye miti na kasa walitaga mayai chini ya miti hiyo. Miti imekwisha, na leo Maziwe ni fungu la mchanga linaloibuka maji yakipwa na kuzama yakijaa. Nahodha ndiye atakayekuambia saa ya kwenda na saa ya kurudi. Mtii.

Kwenye mdomo wa mto imesimama mikoko, miti inayostawi kwenye mchanganyiko wa maji ya mto na ya bahari. Hapo ndipo hesabu ya safari nzima inapofungwa. Maji matamu yakishuka kwa wingi, huisukuma chumvi ibaki baharini. Yakipungua, kwa sababu huko juu mashamba yameongezeka, misitu imekatwa na kila mtu amefungua mfereji wake, bahari hupanda mtoni. Wakulima wa kando ya mto wameshaona chumvi ikifika kwenye mashamba na minazi yao. Mti unakauka huku umesimama kando ya maji.

Ukitaka kuifuata njia hii

Ipe safari siku sita au saba, na ufuate mwelekeo wa maji, kutoka juu kwenda chini:

- *Siku ya 1 na 2:* Arusha. Ziwa Duluti liko karibu na mji, na Momella inafaa siku nzima.
- *Siku ya 3:* Moshi, Rombo na Chala. Ukipata nafasi, pita Chemka. Usiogelee popote kabla ya kuwauliza wenyeji.
- *Siku ya 4:* Same. Chagua kati ya Mkomazi na kupanda Upare kuona ndiva.
- *Siku ya 5:* Mombo hadi Lushoto, mwendo wa kilomita 30 na kitu, kona kwa kona. Utaacha joto chini na kukuta baridi, ukungu na matunda ya nchi za baridi.
- *Siku ya 6 na 7:* Korogwe, Muheza, Tanga na Pangani.

Vitu vya kubeba ni vichache, lakini viwe vya nchi zote tatu:

- Sweta kwa ajili ya Lushoto na Momella, hata kama umeliacha jua kali Same.
- Kofia, na maji ya kunywa yasiyopungua lita 3 kwa siku ya nyikani.
- Viatu vya kushika ardhi kwa kuta za Chala, na ndala za pwani.
- Kanga au kikoi. Ni shuka, ni taulo, ni kivuli, na ni heshima unapopita mtaani Pangani.

Kuhusu wakati: Juni hadi Septemba ni miezi mikavu, njia za mlimani hupitika na baridi ni nyingi. Januari na Februari ni joto, bahari hutulia zaidi upepo wa kaskazi ukilegea. Masika, Machi hadi Mei, barabara za udongo huteleza. Lakini aliye na subira akisafiri mwanzoni mwa masika ataiona nyika ikigeuka kijani ndani ya wiki moja, na atajua kwamba ile mbegu ilikuwepo muda wote.

Swali la mvuvi

Safari yangu ya mwisho niliimalizia Pangani, kwenye kivuko cha kwenda Bweni. Mzee mvuvi alikuwa anashona wavu kivulini. Nikamwamkia, akaitikia, akauliza nimetoka wapi. Nikamwambia nimeanzia Moshi.

Akaiweka sindano chini. "Huko juu kumenyesha?"

Nilidhani ananisalimia tu, kama tunavyouliza habari za mvua popote. Lakini alikuwa anangoja jibu. Akanionyesha mto kwa kidevu. Maji yakiwa na rangi ya chai ya maziwa, akasema, anajua mlima umepata mvua na anajua samaki gani watasogea mdomoni mwa mto. Yakiwa meupe na yenye chumvi mpaka huko juu, anajua wenzake wa bara wana shida, na kwamba shida hiyo iko njiani kuja kwake.

Yeye hajawahi kufika Moshi. Kilimanjaro ameuona kwenye picha. Lakini kila asubuhi anautazama mto ili ajue habari za mlima.

Nikamjibu kwamba nilipoondoka wingu lilikuwa limeshuka mpaka kwenye migomba, na usiku wake mvua ilinyesha hadi alfajiri.

"Alhamdulillahi," akasema, akaokota sindano yake. "Basi yako njiani."